Nilivyobeba Maneno ya Daktari

Hapana, mimi sikumkataza. Tafuta kijiji chote cha Hewani, nyumba kwa nyumba, hutapata mtu wa kukwambia alinisikia nikisema "wifi, usiende". Neno hilo halikutoka kinywani mwangu. Yaliyotoka ni mengine, na hayo ndiyo nataka kuyasema, maana siku hizi nikikaa peke yangu nayarudia yote, sauti moja moja, na nikifika pale mahali nilipochekesha watu, nanyamaza.

Huyo wifi yangu ni dada wa marehemu mume wangu. Niliolewa nikamkuta pale nyumbani, msichana wa mdomo mkali, na siku ya kwanza aliniambia nimetoka mbali kote kuja kuwamalizia wali wao. Nikamwambia wali wenyewe uko wapi, mbona hata panya wamehama. Mama mkwe akainama kwenye sufuria asionekane anacheka. Tukawa watani tangu siku hiyo. Kwetu wifi na wifi wanataniana, ni haki yao, na mwenye kosa ni yule anayenuna, si yule anayetania. Ukinuna, wanawake wote wanakuona mtoto. Kwa hiyo miaka hiyo yote tumelima bondeni pamoja, tumepanda mpunga maji yakishuka, tumeamia ndege wasimalize mpunga, mimi juu ya dungu langu la miti na yeye juu ya lake, tukitukanana kwa sauti mpaka ndege wenyewe wanatuhurumia, na sikuwahi kumwona amekasirika. Nilidhani hana hasira. Kumbe hakuwa na mahali pa kuiweka.

Mimi sikusoma. Shule iliishia kwa kaka zangu. Lakini nilipewa kichwa cha kasuku. Nikimsikia mtu mara moja namrudia kama alivyo. Mchungaji akihubiri Jumapili, Jumatatu namhubiri mimi mtoni tukifua, na kile kikohozi chake cha kutafuta mstari. Watu wakitoka barazani hawamtafuti aliyeandika, wanakuja kwangu: "Bibi, hebu tupe yule wa kaunti, alisema nini?" Nawapa, pamoja na kule kuvuta suruali kila akitaja maendeleo. Na wala sikosei neno. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yangu, kwamba nachekesha lakini sikosei neno.

Ugonjwa wake ulianza na sikio. Alisema, "Wifi, sikio la kushoto lina nyenje. Anaimba mchana kutwa." Nikamwambia huyo si nyenje, ni uvivu wako unakubembeleza. Baadaye yule nyenje akanyamaza, na sikio likanyamaza naye. Mimi nikaona nimepata mchezo. Nikawa najipitisha upande wa kushoto, nasema pole pole, "Mwanamke huyu ameiba kuku wa kanisa," watu wanacheka, yeye anageuka na sikio lake la kulia, "Amesema nini huyu mchawi?"

Kisha akaanza kwenda upande. Kwenye vile vijia vya katikati ya mashamba, ambavyo tumepita tangu usichana, na mzigo kichwani, na mtoto mgongoni, yeye akawa analala upande wa kushoto kama mgomba uliochimbwa na maji. Mimi nyuma yake na jembe begani, nalala hivyo hivyo, hatua kwa hatua. Wanawake wanashika viuno. Nikisema, "Wifi leo mnazi umemwahi," yeye ananijibu, "Mnazi uliunywa wewe, mimi nimelewa harufu yako." Tunacheka, tunafika shambani. Nilimwiga mwendo ule msimu mzima. Nilimwiga vizuri kuliko alivyoujua mwenyewe.

Aliyeona ni mtu mwingine. Kuna mwanamke wa Kiorma anayetuletea maziwa kutoka huko nyikani kwao, na madumu yake mawili. Watu wake na watu wetu wamewahi kugombana vibaya, juu ya maji na malisho, lakini maziwa yake na ndizi zetu hazijawahi kugombana. Siku hiyo alinikuta uani katikati ya mchezo, nalala upande, akaweka dumu chini, hakucheka. Akamtazama wifi akienda kuleta kikombe. Akasema, "Huyu mama hapana mlevi. Mbuzi yangu ikitembea namna hii, iko na kitu ndani ya kichwa. Sisi nachinja. Nyinyi peleka hospitali."

Nilikaa na hiyo "sisi nachinja" wiki nzima. Kila nyumba niliyoingia nilimwigiza yule mama na dumu lake. Na katika maneno yote yaliyosemwa juu ya kichwa cha wifi yangu, hayo ndiyo yalikuwa ya akili, na mimi nikayageuza kichekesho.

Bahati nzuri binti wa wifi aliyasikia. Huyo binti ni mwalimu, anafundisha Hola, mtu wa kusema kila neno na nukta yake. Akaja, akamtembeza mama yake mbele ya mlango, aende na arudi. Akasema, "Mama, mbona hamkuniambia?" Mama yake akasema, "Tulikuwa tunacheka." Akambeba. Wakatoka hospitali hii wakatumwa ile, kichwa kikapigwa picha, mwisho wakaambiwa Nairobi.

Hapo ndipo nilipoingia mimi. Binti aliniambia, "Mkaza mjomba, twende wote. Mama hasikii vizuri, na Kiswahili cha Nairobi kinakimbia. Mimi nitakuwa nahangaika na makaratasi. Wewe ukisikia kitu hakimwagiki." Nilijisikia kama nimepewa uchifu. Nikavaa viatu vilivyonibana mpaka Nairobi.

Daktari alikuwa mtoto tu, miwani, mikono myembamba, na sauti ya mtu anayemlisha mgonjwa uji, kijiko kijiko. Binti alikuwa ameitwa dirishani na faili. Wifi alikaa kwenye kiti amegeuza sikio la kulia, lakini chumba chenyewe kilikuwa kinavuma, nikimtazama naona ameshika kiti kwa mikono miwili kama aliye ndani ya mtumbwi. Kwa hiyo maneno ya yule daktari yaliingia kwa mtu mmoja, na mtu huyo ni mimi.

Alituonyesha picha, kichwa cha wifi kimekatwa kama nazi, na pale nyuma ya sikio kidude cheupe, ukubwa wa tunda la kunazi. Akasema hivi, na hata leo nikiamshwa nitakwambia alipovuta pumzi:

"Mama, hii kitu si saratani. Ni uvimbe, inakua polepole kwa mshipa wa masikio. Lakini imekaa mahali mbaya. Ikikua itafinya ubongo. Sasa mimi sitaki kupasua. Tuko na mashine ya miale. Hakuna kisu, hakuna damu. Unalala kwa meza, unavaa hii barakoa ishike kichwa, isitingishike. Mashine inazunguka. Miale inatoka pande nyingi sana, na kila moja ni hafifu, ikipita haidhuru. Lakini zote zinakutana pale kwa uvimbe, na hapo ndio nguvu iko. Siku tatu, kila siku kama saa moja, unaenda nyumbani."

Nilimwelewa. Mimi, nisiyejua kushika kalamu, nilimwelewa kabla hajamaliza. Ni kuamia ndege. Ndege wakishuka kwenye mpunga wako, ukirusha donge moja la udongo kwa kombeo, wanakucheka. Lakini tukiwa madungu kumi, kila mtu kwenye dungu lake, tukarusha sote mahali pamoja, hawakai. Na njiani donge halikuvunja shuke hata moja. Nilimwambia daktari, "Nimekupata, mwanangu." Akafurahi.

Akaongeza, "Uvimbe hautang'oka. Utasimama tu, labda utanywea kidogo kidogo, na tutakuwa tunapiga picha tuone. Na sikio lililokufa halitarudi, nisiwadanganye. Lakini hii mashine ni ya uvimbe mdogo. Ikipita kipimo, hii njia imefungwa. Msikawie."

Nikamuuliza, "Na nyinyi mtakuwa wapi akilala pale?"

Akasema, "Sisi tunatoka, tunakaa chumba ya pili. Si ati kwake ni hatari. Sisi tuko hapa kila siku, mgonjwa baada ya mgonjwa, kwetu ingekuwa nyingi. Yeye ni siku tatu tu. Na tunamwona kwa skrini muda wote, akiongea tunasikia. Akiinua mkono nasimamisha mashine, naingia mwenyewe namshika."

Maneno hayo nayo yaliingia. Hayakumwagika.

Tulipotoka tukakaa kwenye benchi kumngoja binti. Wifi akanishika kifundo cha mkono. Si kawaida yetu kushikana. Alikuwa ameiona ile barakoa mezani, plastiki nyeupe yenye matundu, na alikuwa ameona mkono wa daktari ukionyesha mlango. Akaniuliza, "Wifi, nitafungwa uso, nibaki peke yangu ndani?" Kabla sijajibu akasema tena, "Mimi sikio moja limekufa. Nikiita nitajuaje kama kuna mtu?"

Jibu nilikuwa nalo mdomoni, bado la moto. Skrini, mkono, naingia mwenyewe namshika. Lakini nilimwona uso wake umekuwa mdogo hivi, na mimi sikuzoea kumwona na uso huo, ukanitisha, nikatafuta kile ninachokijua. Nikasema, "Usijali. Wakikusahau humo ndani, mimi nitarithi leso zako zote, nianze na ile nyekundu."

Akacheka. Nami nikacheka. Nikaona nimemponya.

Tulirudi kungoja siku yetu. Alipewa vidonge vya kumtuliza kichwa kwa muda, mpaka siku ya mashine, na vile vidonge vilifanya kazi. Wiki ya tatu akawa anatembea amenyooka kama mtu anayefuata kamba. Siku ilipokaribia binti alikuja kutoka Hola, tiketi za basi la asubuhi ameshika, la kupandia Garsen. Mchana wake wanawake wa kanisa wakaja kumwombea safari. Tukapika wali na kambare, tukaomba, tukaimba, tukala. Kila mtu amekunja miguu mkekani. Mmoja akasema, "Bibi, si ulikuwa huko? Hebu tupe huyo daktari."

Binti alikuwa ndani anafungasha. Mimi nikainuka.

Nilianza vizuri. Nilimpa yule mtoto na sauti yake ya uji, "Mama, hakuna kisu, hakuna damu," wakasema amina. Nikatafuta barakoa, nikaona kung'uto la kukamulia nazi limeanikwa, nikalichukua nikalala chali mkekani, nikajifunika uso. Nikamwambia jirani anifunge kwa leso. Sasa nikawa wifi na daktari, nabadilisha. "Daktari, sioni." "Mama, huhitaji kuona, mashine inaona." "Daktari, pua inaniwasha." "Mama, hiyo si kazi ya idara hii." Wanawake wameshaanza kulala mmoja juu ya mwingine. Nikajifungua, nikasimama, nikamwinamia mgonjwa ambaye hayupo, "Hutingishiki? Umefungwa sawasawa? Haya." Kisha nikakunja leso, nikatoka mbio kwa ncha za vidole, nikaingia jikoni, nikavuta mlango, nikachungulia kwa jicho moja, nikaita, "Mama, usiogope, haina hatari."

Mwenye mtoto alimpa mwenzake mtoto. Mzee mmoja aliyekuwa akipita njiani alisimama. Sijawahi kuchekesha vile, wala sitachekesha tena. Na mwanamke mmoja, anafuta machozi, akauliza, "Sasa kama haina hatari, yeye anakimbia nini?"

Ndio hapo mahali penyewe.

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo zima, na sauti yake, na pumzi yake, kila siku mgonjwa baada ya mgonjwa. Lisingechukua hata muda wa kumeza tonge. Lakini jibu lile halichekeshi. Ukilitoa pale, watu wanasema "aa", wanakaa sawa, wanaanza kutafuta viatu. Nami nilikuwa jikoni na jicho moja nje, na uani kote wananingoja. Nikasema, "Muulizeni yeye, mimi sikusoma."

Wakaanguka tena.

Wifi alikuwa ameegemea ukuta. Nilimtazama, maana mtani humtazama mtani wake kuona kama limeingia. Alikuwa ameziba mdomo kwa leso, mabega yanatikisika. Nikaona anacheka. Ile leso ilikaa pale mdomoni muda mrefu, hata wengine walipokuwa wameshanyamaza, lakini mimi nilikuwa nimeshaingia kwenye sehemu ya pili, ya mtu anayetoka Hewani mpaka Nairobi na uvimbe wake, na kurudi nao uleule, "tutakuwa tunapiga picha tuone."

Asubuhi begi lilikuwa mlangoni. Yeye amekaa kitandani, amevaa nguo za safari, viatu bado. Binti akasema, "Mama, tutachelewa." Akasema, "Kichwa kimepoa. Sioni haja."

"Mama, ni vile vidonge."

"Basi vidonge vinatosha."

"Mama, daktari amesema usikawie."

"Daktari mwenyewe anakimbia."

Mimi nilikuwa nimekuja kusindikiza, nimesimama mlangoni. Nilisikia hilo neno. Nilijua limetoka wapi, nilimjua mama yake na baba yake. Na ningeweza kuingia, nikae kwenye ukingo wa kile kitanda, nimgeukie sikio la kulia. Badala yake nikasema, "Wifi amepona kwa kuliona kung'uto tu. Tufungue hospitali hapa hapa." Yeye akatabasamu, akashukuru hata, nafikiri, kwamba nimempa njia ya kutokea. Akalala akageukia ukuta. Basi likatoka Garsen bila yeye.

Binti alinifuata nyuma ya nyumba. Hakupaza sauti. "Mkaza mjomba, mimi nilikupeleka uwe masikio ya mama. Uliyasikia ya daktari?"

"Niliyasikia."

"Ulimwambia yote?"

"Yote."

Huo ndio uongo wangu mmoja. Mengine yote niliyosema yalikuwa kweli, kila neno alilisema daktari. Nilipunguza tu.

Baada ya hapo nilikuwa na wakati, usidhani sikuwa nao. Tulivuna pamoja. Tulipura pamoja, uso kwa uso, tunapokezana. Siku ngapi tulikaa kivulini kwenye mashamba, yeye na mimi na mtungi wa maji, na neno la daktari bado ninalo. Lakini kulitoa ilibidi niseme kwa sauti yangu mwenyewe, bila daktari, bila kukohoa kwa mchungaji, bila mtu yeyote wa kujificha nyuma yake. Na sauti hiyo nilikuwa sijaitumia siku nyingi. Nikawa nasema nitaianza kesho. Na yeye alikuwa anatembea vizuri, nikajiambia pengine ameponywa na maombi, na tukianza kuzungumza habari za mashine tutamwamsha aliyelala.

Aliyelala aliamka mwenyewe. Vidonge vilikwisha. Mvua za mwaka ule zilikuja kubwa, mto ukapita kingo zake ukaingia mashambani, barabara ikakatika pale Garsen, watu wakawa wanavushwa kwa mashua mahali walipozoea kupita kwa lori. Siku nyingine aliyopangiwa Nairobi ikapita maji yakiwa magotini. Akaanza kutapika asubuhi kabla ya kula. Akaanguka bondeni, tukamkuta amekaa kwenye matope anatazama mkono wake. Kisha upande wa kushoto wa uso ukaanza kuteremka, kope, shavu, mdomo.

Mtu wa kwanza kuacha kumwiga nilikuwa mimi, na watoto wakaniuliza kwa nini.

Barabara ilipokauka binti alikuja na gari, hakuuliza mtu. Mimi nilikuwa nimeshavaa vile viatu. Alinitazama viatu, akafunga mlango wa gari. Safari hii alienda na simu. Alimrekodi daktari kwenye simu, aliporudi akatuwekea sote tusikie, na ndani alikuwa yule yule mtoto, sauti ile ile ya uji, nikaijua kabla hajasema neno la pili.

"Mama, ile mara ya kwanza ilikuwa ndogo. Sasa imepita kipimo ya mashine. Nikipiga miale kwa kitu kubwa hivi, inaweza vimba kwanza, na huko ndani hakuna nafasi imebaki. Lazima tufungue."

Watu walikuwa wengi pale uani. Hakuna aliyeniambia, "Bibi, hebu tupe."

Walimfungua nyuma ya sikio. Walitoa walichoweza, kingine kilikuwa kimeshikana na mshipa wa uso, wakakiacha. Alirudi hai, tumshukuru Mungu kwa hilo. Lakini jicho la kushoto halifungi, analala limetazama dari, binti anamtilia dawa lisikauke. Chai inamtoka upande mmoja. Hatembei bila mtu. Yule mwanamke wa maziwa alikuja kumwona, akakaa naye, akaacha dumu zima, akaondoka. Kwangu hakupita.

Mimi nilikwenda kila siku. Nilimpelekea uji, mwepesi, usimpalie. Nilimsimulia habari za mashamba, nani amepanda, nani amepora mpaka wa nani. Alikuwa anasikiliza. Hakunitania na mimi sikumtania, tulikuwa kama wanawake wawili waliokutana kwenye foleni.

Siku moja, binti yupo pale dirishani anakunja nguo, nilimaliza kumlisha nikaona siwezi tena. Nikahamia upande wa kulia. Nikamwambia kwa sauti yangu hii hii mbovu. Nikamwambia daktari alisema wanatoka kwa sababu wao wako pale kila siku. Kwamba wangemwona kwenye skrini muda wote. Kwamba angeongea wangemsikia, kwamba angeinua mkono mashine ingesimama, na yule daktari angeingia mwenyewe amshike. Nikamwambia mpaka habari ya ndege na makombeo, jinsi nilivyoelewa siku ile. Nilisema yote. Sikukosea neno.

Binti aliacha kukunja nguo.

Wifi akanigeukia. Kisha akauliza, na maneno yanamtoka kwa shida, yanateleza upande ule wa mdomo uliolala, "Aliyasema lini?"

"Siku ile ile. Kabla hatujakaa kwenye benchi."

Akataka kusema kitu. Mdomo ukavutika kulia, ukajaribu, ukashindwa, ukajaribu tena. Na mimi nilikuwa nimemkazia macho, namngoja, nataka kumsaidia lile neno litoke, na hapo nikausikia mdomo wangu. Ulikuwa unakwenda na wake. Peke yake, sikuutuma, Mungu anajua sikuutuma. Shavu langu la kushoto lilikuwa limeteremka na midomo imekwenda upande, sawa na wake, bila kukosea.

Aliniona. Lile jicho lisilofungwa na lile linalofungwa yote yalikuwa juu yangu. Nikaziba mdomo kwa mkono.

Akalipata neno. Alilisema polepole, moja moja, likasikika mpaka dirishani.

"Ulijua naogopa. Usije tena."